Uso wa Damiani

"Huyu ni kaka yangu," alisema Bibi Genoveva, "ila kadi hii si yangu."

Alikisukuma kikasha cha plastiki juu ya meza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Alikuwa ametoka kwake Rondo alfajiri na gari la mihogo, na vumbi jekundu la huko juu lilikuwa bado kwenye pindo la kitenge chake. Mwanawe, mwalimu Sebastiani, alisimama nyuma ya kiti na sura ya mtu aliyekwisha kuomba radhi kabla hajafika.

"Nimemwambia, afande," alisema Sebastiani. "Picha ni ile ile. Mama macho yake yana ukungu."

"Ukungu ninao," bibi akajibu bila kugeuka. "Lakini Damiani namjua hata gizani."

Mkaguzi Msaidizi Cecilia Nanguka, wa ofisi ya upelelezi hapo Lindi mjini, alikiinua kikasha akakielekeza dirishani. Ndani yake mlikuwa na kadi ya karatasi ngumu, isiyozidi kiganja. Kijana mweusi mwenye jezi ya kijani amekanyaga mpira kwa kisigino, anamchekea mtu ambaye picha haikumwonyesha. Chini limechapwa jina, D. CHILUMBA. Juu ya kikasha palikuwa na lebo ya kampuni ya Marekani, na kwenye lebo tarakimu moja nene: 3.

Alichukua maelezo kwa mpangilio, jambo moja baada ya jingine. Damiani Chilumba aliondoka na meli ya mizigo kutoka Mtwara mwaka 1978, akiwa msaidizi wa jikoni. Akashukia Ubelgiji, hakupanda tena. Alijua mpira, akasajiliwa na timu ya daraja la pili. Msimu wa 1981 kiwanda kimoja cha peremende kilichapa kadi za wachezaji ili zitiwe ndani ya pakiti, kisha kiwanda kikafungwa kabla pakiti hazijafika madukani. Kadi zilizopona zilikuwa chache, na sasa wakusanyaji wa huko walikuwa wakizisaka kama watu wanavyosaka madini. Mwaka 1982 Damiani alituma barua nyumbani na kadi ndani yake. Baada ya hapo, kimya.

"Kwa nini ukaitoa nyumbani?"

"Bati linavuja, na mchwa wameshapanda ukutani," alisema bibi. "Yule Abdulrazak wa Kilwa Masoko akamwambia mwanangu kuna watu ng'ambo wanaikagua kadi, wanaipa alama, wanaifungia kwenye kikasha kisichopitisha maji. Nikasema vyema. Basi imerudi hii."

"Umejuaje kwamba si yako?"

"Wangu amesogea upande," Bibi Genoveva alisema. "Kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Huyu amekaa katikati."

Cecilia aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha akauliza, "Barua ya kaka yako ilikuja na kadi ngapi?"

"Moja."

Jibu lilitoka kabla swali halijamalizika. Cecilia akaliandika nalo, akaacha mstari mmoja mtupu chini yake.

*

Duka la Abdulrazak lilikuwa kwenye barabara inayoteremka gatini, mahali ambapo watalii wanaokwenda kutazama magofu hawana budi kupita. Kabati la vioo lilijaa sarafu za Wajerumani, stempu, na vipande vya vyungu vya kale. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini, kanzu imepigwa pasi ikakubali. Alimkaribisha Cecilia kwa kahawa na akajibu kila swali bila haraka.

"Watu wanadhani alama ni alama," alisema. "Siyo, afande. Kadi hukaguliwa mambo manne. Pambizo, yaani ule weupe unaoizunguka picha, kama umelingana pande zote. Kona, kama bado ni kali. Kingo, kama hazijatafunika. Na uso, yaani wino na ung'avu wake. Kampuni zote zinaangalia hayo hayo manne, ila kila moja ina mizani yake. Kadi ikipewa tatu huku, inaweza kupewa tano kule. Bibi ameona tatu, moyo umemuuma, anasema si yake. Namwelewa."

"Hakulalamikia alama. Analalamikia pambizo."

"Bibi ana umri gani?"

Cecilia aliweka simu juu ya kabati. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na tangazo la mnada wa mtandaoni: Chilumba yule yule, jezi ile ile, ndani ya kikasha cha kampuni nyingine, ya Uingereza. Alama: 8. Muuzaji alikuwa ameficha jina.

Abdulrazak aliinama, akatazama kwa muda wa kutosha, akainuka. "Hiyo iko Ulaya huko. Zilichapwa nyingi."

"Mimi nimeambiwa zilibaki chache."

"Chache si moja." Alitabasamu kidogo. "Na kama kweli ya bibi ilikuwa na pambizo zilizopishana, basi huenda mtu aliipunguza kwa wembe ili zilingane, kabla haijafika kwangu. Watu hufanya hivyo. Mwulize mwalimu. Aliichukua kwa mama yake mwanzo wa Januari, kwangu akaileta katikati ya mwezi. Wiki mbili kadi ilikuwa wapi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Cecilia alimpigia Sebastiani palepale nje ya duka. Mwalimu akasema kadi ilikuwa kwenye mtoto wa meza yake shuleni, ndani ya daftari la mahudhurio.

"Kwa nini?"

"Mama hakuwahi kuturuhusu kuishika tukiwa wadogo, afande. Nikasema, sasa iko mikononi mwangu, ngoja nikae na mjomba kidogo."

"Ulimwonyesha mtu?"

"Hapana. Nilikuwa naitazama wanafunzi wakishatoka."

*

Mzee Mfaume alikuwa akifua nazi nyuma ya nyumba yake hapo Mchinga, Cecilia alipoteremka garini. Miaka thelathini na moja aliitumia Dar es Salaam kwenye mitambo ya chapa, na kumi na nane kati ya hiyo alisimama mbele ya mashine ya kukata karatasi. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimebaki nusu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja ninawe."

Cecilia alitandika vitu vyake juu ya mkeka. Kikasha cha bibi. Tangazo la mnada, limechapwa kwa rangi. Masharti ya ukaguzi ya kampuni zote mbili, aliyoyatoa mtandaoni akayafasiri kwa kalamu pembeni. Na picha aliyoazima Rondo, iliyokuzwa steshenari mpaka ikawa sawa na jalada la daftari: marehemu mama wa Genoveva na Damiani, mwaka 1994, ameketi uani na kuishika kadi kifuani kwa mikono miwili, ameielekeza kwenye kamera kama watu wanavyoshika cheti.

Mzee Mfaume alivaa miwani, akachukua rula na kioo cha kukuzia. Alianza na picha ya mama. Akapima weupe wa kushoto wa kadi, akapima wa kulia, akarudia mara tatu.

"Kushoto saba, kulia tatu," alisema. "Tukigawa kwa kumi. Picha imesukumwa kulia."

Akapima kadi ya ndani ya kikasha. "Tano kwa tano. Hii imekatwa na mtu aliyelala vizuri."

"Inawezekana kadi ya saba kwa tatu ikawa tano kwa tano?"

"Kwa wembe tu. Unaondoa weupe wa kushoto mpaka ulingane na wa kulia. Lakini hapo upana unapungua." Alilaza rula juu ya plastiki. "Kampuni yako imeandika kadi hizi zina upana gani?"

"Milimita sitini na tano."

"Ndiyo hizo sitini na tano. Haijaguswa."

Cecilia alifunua masharti ya kampuni ya Marekani, ukurasa wa pili. Sharti la kumi na moja lilisema kadi iliyopunguzwa haipewi alama kabisa, hurudishwa kwa mwenyewe na karatasi ya maelezo. Hii ilikuwa na alama. Wembe ukaondoka kwenye hesabu, na mwalimu Sebastiani akaondoka nao.

"Mwanangu, kona mtu anaweza kuikunja," alisema mzee, "uso ukachubuka, kingo zikaliwa na panya. Lakini picha haitembei juu ya karatasi. Ilipoangukia siku kisu kiliposhuka, ndipo itakapofia." Alivuta lile tangazo la mnada, akapima bila kuambiwa. "Saba kwa tatu. Huyu ndiye wa yule mama."

Bibi alikuwa amesema kweli. Ila jambo moja lilikuwa halijakaa sawa, na Cecilia hakutaka kuondoka nalo. Kila lebo ilikuwa na nambari yake, na ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni inakupa taarifa ya mkaguzi wa kadi. Alikuwa amezinakili zote mbili. Kadi iliyorudishwa kwa bibi: pambizo 9, kona 4, kingo 5, uso 2. Kadi ya mnadani: pambizo 6, kona 9, kingo 9, uso 9. Zote zilikaguliwa mwezi mmoja, wiki moja.

"Wamarekani wanafuata doa," alisema, akimsomea mzee masharti. "Alama ya jumla hairuhusiwi kupita alama ya chini kabisa kwa zaidi ya moja. Ya chini hapa ni mbili, kwa hiyo jumla ni tatu. Waingereza wanajumlisha zote nne, wanagawa kwa nne. Sita na tisa tatu, ukigawa, nane na kitu. Wakaandika nane."

"Sasa zibadilishe," alisema Mzee Mfaume.

Cecilia alipiga hesabu pembeni ya karatasi. Kadi iliyochakaa ingekwenda Uingereza, ingepata tano. Iliyo safi ingekwenda Marekani, doa lake la pambizo lingeibana kwenye saba. Tano na saba, zinakaribiana mpaka mtu angeweza kuuliza kulikoni. Lakini zilivyopelekwa, mbovu ikawa mbovu kabisa na nzuri ikawa nzuri kabisa.

"Aliyepeleka alikuwa na kadi zote mbili mkononi," alisema taratibu. "Akazitazama, akajua kila moja ina kilema gani, akaichagulia mizani yake."

Mzee akavua miwani. "Sasa hiyo ya pili aliitoa wapi?"

Ndilo swali lililomrudisha Cecilia Rondo.

*

Bibi Genoveva alimkuta Cecilia ameketi barazani kwake anamsubiri. Hakuonekana kushangaa. Aliweka chini kikapu cha mbaazi, akakaa kwenye ngazi, hatua mbili kutoka kwake.

"Ulinambia ilikuja kadi moja," Cecilia alisema.

"Ndivyo nilivyosema."

"Bibi, ile kadi ya kwako iko mnadani. Nimeshaithibitisha, na nitaipata. Lakini hii niliyonayo hapa mkobani ni ya mtu, na mtu huyo hajalalamika popote. Ni ya nani?"

Bibi alichambua mbaazi tatu, nne. Kwa mbali kengele ya kanisa iligonga saa sita.

"Mama alimtaka Damiani aoe hapa, kanisani," alisema mwishowe. "Yeye akamwona binti wa Kiislamu kule Tingi, Kilwa, walikutana kwenye mashindano ya mpira ya mkoa. Barua ilipokuja ilisema, kadi moja ya mama, nyingine mpeni Somoe. Mama akanipa ile ya pili niitie motoni. Nikamwambia nimeitia."

"Hukuitia."

"Nilidanganya nakwenda kliniki Lindi. Nikafika Tingi siku ya pili yake, nikamkabidhi, sikunywa hata maji. Mama amekufa anajua iliungua. Miaka arobaini na tatu sijalisema kwa mtu, hata kwa padri." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Ungesikia mama alivyokuwa akiita jina la Damiani siku za mwisho, na wewe usingelisema."

"Na barua iko wapi?"

"Ndani. Yule Abdulrazak aliitaka pamoja na kadi, akasema bahasha yenye stempu inathibitisha kadi imetoka wapi. Baadaye akairudisha."

Cecilia aliisoma barua akiwa amesimama kwenye mlango. Mwandiko wa kulalia upande, wino wa bluu. Mstari wa tisa: *nyingine mpeni Somoe binti Alfani, wa Tingi, mwambieni ninakuja.*

*

Tingi hakukuwa na kazi ya kumtafuta. Somoe binti Alfani alikuwa akipepeta ufuta mbele ya nyumba yake, mwanamke mrefu wa miaka sitini na ushee, mtandio mweupe umefungwa nyuma ya shingo. Walisalimiana, wakaulizana hali ya njia na ya mvua. Cecilia alijitambulisha. Mkoba wake aliuacha umefungwa.

"Kabla sijakuonyesha kitu, mama, nataka unieleze. Uliwahi kuwa na kadi yenye picha ya Damiani Chilumba?"

Ungo ulisimama.

"Amepatikana?"

"Hapana, mama. Nauliza kadi."

Somoe aliuweka ungo chini, akakunja miguu mkekani. "Nilikuwa nayo."

"Ilikuwaje? Nieleze kama ningekuwa kipofu."

"Jezi ya kijani. Kona ya chini, upande wa mguu wake wa mpira... hapana, upande mwingine, imelegea. Mwaka wa mafuriko iliingia maji. Na shavu lake moja limefifia, hili hapa." Aligusa shavu lake la kushoto. "Hapo wino umekwisha, panaonekana karatasi."

Cecilia alikuwa na taarifa ya mkaguzi wa Marekani ndani ya faili, hakuhitaji kuifungua. Alishaisoma mara nyingi. *Uso: wino umepotea kwenye shavu la mchezaji, eneo la ukubwa wa ncha ya kidole, mafuta ya ngozi yamepenya.* Ndilo lililozaa ile mbili.

"Nani alilifuta shavu?"

"Mimi," alisema Somoe. Aliutazama mkono wake wa kulia. "Siyo kila siku, nisikudanganye. Niliolewa, nimezaa watano, na mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Umewahi kupita mwaka mzima sijaitoa sandukuni. Halafu unasikia redio ya mtu inatangaza mpira, mkono unakwenda wenyewe."

"Na ulimpaje Abdulrazak?"

"Alikuja hapa na gari. Akanitajia jina la Damiani. Afande, tangu yule dada yake aliponiletea ile kadi, hakuna mtu aliyenitajia lile jina mlangoni kwangu. Akasema kuna watu Ulaya wanaochunguza kadi hizi. Nikamwuliza, wanachunguza nini? Akasema, kila kitu. Nikajua, basi, watamchunguza. Watasema ni nani, yuko wapi, yu hai au la. Nikampa. Baada ya miezi miwili akanipigia, akasema imepotea posta, tumwachie Mungu."

"Wanachunguza karatasi tu, mama."

"Sasa nimeelewa."

Cecilia alifungua mkoba, akamwekea kikasha mapajani. Somoe hakulia. Alikigeuza, akakirudisha, akapitisha dole gumba juu ya plastiki, pale shavuni, mara moja, mara mbili.

"Hapafikiki," alisema.

*

Hati ya upekuzi ilitoka Jumatano. Saa nne asubuhi Cecilia alikuwa Kilwa Masoko na askari wawili na mwenyekiti wa mtaa. Abdulrazak hakupandisha sauti. Alisikiliza kuhusu pambizo, akasikiliza kuhusu mizani mbili, akawa bado na jibu la kila jambo. Cecilia alipofika kwenye maelezo ya Somoe binti Alfani, lile shavu lililofutika na taarifa ya mkaguzi vimewekwa pamoja, neno kwa neno, ndipo akaacha kukana.

"Wote wawili ni wazee," alisema. "Mmoja macho hayaoni, mwingine hajui hata ni kitu gani. Kingekaa kwao mchwa wangekila."

"Funguo."

Kadi ya alama nane ilikuwa kwenye mtoto wa chini wa kabati, imezungushiwa kitambaa. Picha imesogea kulia. Cecilia aliiandika kielelezo namba mbili, akaichukua na simu ya mwenye duka, akamsomea haki zake.

Simu ndiyo iliyomkalisha ofisini Lindi mpaka wenzake wakaondoka wote kwenda kula. Mnada ulikuwa na watu tisa walioulizia bei. Wanane waliuliza kuhusu kona na kingo. Wa tisa alikuwa Ubelgiji, na alikuwa ameandika mara kumi na moja tangu Machi, kwa Kiingereza cha kujifunza shuleni. Cecilia alizisoma zote kuanzia ya kwanza. Kisha akazisoma tena, akaangalia jina lililo chini. Akainuka, akasimama dirishani kwa muda, na alipokaa alipiga simu mbili: moja Rondo, nyingine Tingi.

*

Walikuja Ijumaa kutambua vielelezo, mmoja kutoka huku na mwingine kule. Bibi Genoveva ndiye aliyeingia wa pili. Alipomwona yule mwanamke mrefu aliyeketi kwenye benchi alisimama mlangoni.

"Siku ile hukunywa hata maji," alisema Somoe.

"Niliogopa ningekaa."

Somoe akasogea, akampa nafasi. Walikaa. Cecilia aliweka kadi mbili mezani, ubavu kwa ubavu, na Damiani wawili wakawachekea: mmoja safi amesogea upande, mwingine katikati, shavu limekwisha. Kila mmoja alinyoosha kidole kwenye ya kwake bila kusita. Wakaweka sahihi, Genoveva kwa herufi za shule, Somoe kwa mwandiko mwembamba wa madrasa. Cecilia aliwaeleza kwamba kadi zitabaki polisi hadi kesi iishe, na kwamba siku hiyo wakitaka kuvunja vikasha, alama zitabatilika.

"Alama ni za hao waliozitoa," alisema Bibi Genoveva.

Kazi ya kiofisi ilikuwa imekwisha hapo. Cecilia aliufunga mlango, akarudi akakaa kando yao, upande wao wa meza.

"Kuna mtu alitaka kuinunua hii ya alama nane," alisema. "Yuko Ubelgiji. Nitawasomea alichoandika, nimekifasiri kama nilivyoweza." Alifungua karatasi. "*Ndugu muuzaji, alama haina shida kwangu. Nauliza tu kama uso wake unaonekana vizuri. Huyu ni baba yangu. Alifariki mwaka 1987 nikiwa na miaka minne. Nyumba yetu iliungua, sina picha yake hata moja.*"

Nje mtu alikuwa akiburuta pikipiki juu ya changarawe. Bibi Genoveva alifanya ishara ya msalaba, pole pole, akauacha mkono kifuani. Somoe aliitazama kadi yake, na mara hii hakuigusa.

"Themanini na saba," alisema Somoe. "Mwaka huo nilikuwa na mimba ya tatu."

Genoveva akaushika mkono wake. Somoe akainua kichwa.

"Ni mtoto wa kike?"

"Wa kike. Ana miaka arobaini na miwili."

"Anaitwa nani?"

Cecilia alikuwa amejiandaa kulisema, ila aliona ni heri kuonyesha. Aliigeuza karatasi kuelekea kwao, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. Bibi Genoveva na ukungu wake hakuona kitu. Somoe alisoma, midomo ikicheza bila sauti. Alisoma tena.

"Kumeandikwa nini?" Genoveva aliuliza.

"Somoe," alisema Somoe. "Somoe Chilumba."

Somoe alifungua mtandio, akaufunga upya, akaulaza vizuri mabegani, kama mtu anayetarajia mgeni.

"Ameacha namba ya simu?"

"Ameacha."

"Anajua Kiswahili huyo somo yangu?"

"Sijui, mama. Sidhani."

"Si kitu," alisema Somoe. "Piga. Nitamwita jina, hilo atalijua."